Mtani Haombi Radhi

Kwanza mjue kwamba mimi si mchawi. Nauza mtama, uwele na karanga hapa soko la Majengo, katika kibanda alichoniachia marehemu mume wangu, na ulimi wangu ni mrefu kuliko foleni ya ndoo bombani. Hilo la ulimi silikatai. Babu wa baba yangu alikuwa Mnyamwezi aliyefika Dodoma na mzigo begani enzi za misafara, akaona hapa panafaa kupumzika, akapumzika mpaka tukazaliwa sisi. Kwa hiyo mimi na Wagogo ni watani, na kisa hiki chote kimetoka hapo.

Siku hizi kuna watoto wanaodhani utani ni mambo ya mpira. Utani wetu ni mwingine. Mtani wako anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo nawe ukacheka. Anaweza kuingia uani kwako akaondoka na jogoo, na usimfukuze. Ukifiwa, yeye ndiye anayeingia kaburini kabla ya maiti akagoma kutoka mpaka apewe kitu, na ndiye anayevaa nguo za marehemu na kuiga sauti yake ili wafiwa wapate kucheka kidogo katikati ya kilio. Sheria yake ni moja: anayekasirika amekosa. Na anayeomba radhi amekosa zaidi, kwa sababu mtu huomba radhi kwa jambo alilolikusudia. Mtani akikwambia "nisamehe", ujue hakuwa anatania.

Mbunge wetu, Filipo Mhembano, ni mtani wangu tangu hajajua kuvaa viatu. Baba yake alikuwa akileta karanga dukani kwa baba yangu, na sisi tulikuwa tukitukanana juu ya magunia hayo hayo. Nimemzidi miaka kadhaa, lakini hajawahi kuniamkia hata siku moja. Akipita sokoni, na walinzi wake na miwani yake, alikuwa anasimama mbele ya kibanda changu na kupaza sauti, "Mpagazi! Bado hujafa?" Nami namjibu, "Nakusubiri wewe, Mgogo, nikuchimbie kwa jembe butu." Tulishaahidiana zamani: atakayetangulia, mwenzake ataingia kaburini mwake kumcheka mpaka watu wasahau kulia. Mimi Mwislamu, yeye Mkristo, lakini udongo ni ule ule.

Mwaka huu Filipo alikuwa anaomba muhula wa tatu, na mambo yalikuwa magumu. Ndani ya chama chake alipenya kwenye tundu la sindano. Nje alikutana na kijana mmoja, Jordan, msomi mwenye sauti nzuri, ambaye kila akipanda jukwaani alikuwa anainua glasi tupu na kuuliza, "Yako wapi?" Umati wote unajua kinachoulizwa. Mahelela, kijijini kwao Filipo, kisima kiliahidiwa muhula wa kwanza, kikaahidiwa tena muhula wa pili, na mpaka leo wanawake wanafukua mchanga wa korongo wakitafuta maji. Filipo alizunguka jimbo zima, akacheza ngoma ambazo magoti yake hayaziwezi, akala ugali kwenye nyumba ambazo hakuwahi kuzijua. Mfa maji haachi kutapatapa, na aliyekosa kuleta maji hali kadhalika.

Katikati ya kampeni hizo mama yake akafa.

Bibi Lea nilimpenda. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mla ugoro, mwenye sauti ya puani iliyokuwa inasikika kutoka kanisani hadi kisimani, kama kingekuwepo kisima. Niliposikia nilifunga kibanda, maana msiba wa Mgogo bila mtani ni mchuzi bila chumvi. Harithi, mwanangu wa pekee, akanipeleka Mahelela kwa bajaji yake, vumbi likatuingia mpaka masikioni.

Mchungaji alipomaliza sala ya kwanza nilijifunga kanga ya marehemu, nikashika fimbo yake, nikateremka kaburini. Nikasimama humo kifua nje, nikamnyooshea kidole Filipo, na kwa sauti ile ile ya puani nikasema:

"Filipo mwanangu! Siendi popote na kiu hii. Uliniahidi kisima nikiwa na meno, ukaniahidi tena nikiwa sina. Sasa nisikilize. Ukirudi tena bungeni bila kuleta maji, sitatuma mtu. Nitakuja kukuchukua mwenyewe, tukae wote humu, tuone ni nani atakayeanza kulia kiu."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mchungaji alijifunika uso kwa kitabu chake cha nyimbo. Filipo alicheka huku machozi yakimtiririka, akapiga kelele, "Mpagazi, toka kwenye nyumba ya mama yangu!" akanirushia jogoo. Nikatoka na jogoo wangu, tukamzika Bibi Lea, na wakati wa kuondoka Filipo alinishika bega akasema mama yake angefurahi. Naomba mlikumbuke hilo, kwamba alicheka. Mimi nimelazimika kulikumbuka mara nyingi.

Harithi alikuwa amerekodi yote kwa simu. Jioni akaituma kwenye kundi la madereva wenzake, akaandika, "Huyo ndiye mama yangu." Alikuwa anajivunia tu.

Sijui ni nani aliyeikata. Ilipotufikia tena Majengo ilikuwa inaanzia pale niliposema "sitatuma mtu" na kuishia kabla ya kicheko. Ukiitazama unamwona mwanamke aliyevaa kanga ya marehemu, nusu yake imo ardhini, anamnyooshea mbunge kidole na kumwambia atakuja kumchukua. Juu yake wameandika kwamba marehemu amemkataa mwanawe. Hata mimi nilipoiona nilishtuka. Sikujitambua, nikadhani namwona Bibi Lea.

Bado ningeweza kucheka. Lakini siku chache baadaye, kwenye mkutano wa kampeni, jukwaa lilivunjika Filipo akiwa amesimama katikati yake, akaanguka akavunjika mkono. Mbao zilikuwa mbovu na waliotaka kuonekana pamoja naye walikuwa wengi. Ni nani anayetaka kusikia habari za mbao? Kesho yake mji mzima ulikuwa unasema mama ameanza na mkono.

Sokoni mambo yakageuka. Mteja wangu wa miaka mingi alinunua karanga kwa Shaban, jirani yangu wa kibanda, kisha akapita kwangu akitazama upande mwingine. Mama mmoja alimvuta mtoto wake aliponisogelea. Wengine walikuja kwa siri kunipongeza, eti nimesema walichoshindwa kusema wao, na hao ndio walionitisha zaidi.

"Mzaha mzaha hutumbua usaha, dada Sabiha," Shaban aliniambia.

"Na wewe nawe! Kila mtu anajua yule ni mtani wangu."

"Kila mtu wa hapa anajua," akasema. "Wanaomzunguka sasa si wa hapa."

Kisha likaja gari. Jeupe, vioo vyeusi, likawa linaegeshwa ng'ambo ya barabara asubuhi na kuondoka jua likiinama. Hakuna aliyeshuka. Nilikuwa nikipima mtama macho yako ng'ambo, mbegu zinamwagika, kuku wa jirani wananishukuru. Siku moja alikuja mwanaume mwenye kofia ya kampeni, kijana mpole, akanunua karanga, akatafuna moja.

"Shikamoo mama. Ni wewe uliyekuwa kaburini?"

"Marahaba. Nilikuwa natania, mwanangu. Muulize Mheshimiwa mwenyewe."

"Aliyerekodi ni nani?"

Nikamhesabia chenji yake. Akatabasamu, akasema karanga ni nzuri, akaenda zake. Jioni ile nilimwambia Harithi aende Singida kwa mjomba wake mpaka uchaguzi upite. Alinicheka.

"Mama, kosa letu ni nini? Mheshimiwa alicheka, nimemrekodi akicheka. Wakiniuliza nitawaonyesha yote."

"Mwanangu, anayekutafuta na gari la vioo vyeusi hajaja kutazama video."

Akanibusu kichwani akaenda kulala. Ni mrefu kama baba yake, na ana ubishi kama wangu, na sikuwa na la kumfanya.

Walimchukua mchana kweupe, pale pale kwenye kijiwe chake cha bajaji. Shaban ndiye aliyekuja mbio kuniambia, anahema, kofia mkononi. Wanaume wawili walimwita kando kama wanaomwuliza nauli, wakamwingiza kwenye gari jeupe, likaondoka. Nilipofika nilikuta bajaji yake imeachwa inaunguruma. Ndani yake kulikuwa na abiria, mama mmoja mwenye kapu la nyanya, hajui ashuke au asubiri. Tulitazamana mimi na yeye.

Niliogopa. Nina maneno mengi, lakini kwa hili sina zaidi ya hilo. Kituoni waliniambia hawana mtu wa jina hilo. Hospitalini vilevile, na pale nilimshukuru Mungu kwa kutomkuta. Niliipiga simu yake mpaka sauti ya yule dada anayesema nambari haipatikani ikawa kama jirani yangu. Nikampigia Filipo. Iliita, ikaita, ikakatwa. Nikapiga tena, ikawa imezimwa. Mtu niliyemfundisha matusi yake ya kwanza alikuwa ananikatia simu.

Ndipo nilipojua kwamba hakuna kisima wala chama wala sheria itakayomrudisha Harithi. Kulikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa anatakiwa kusema maneno mawili: mtani wangu. Angeyasema hadharani mambo yangeisha siku hiyo hiyo. Kwa nini hayasemi?

Siku iliyofuata nilipigiwa simu na mwanamke mwenye sauti laini. Alijitambulisha kuwa ni Gladness, meneja wa kampeni ya Mheshimiwa.

"Mama, shikamoo. Kijana wako yuko salama kabisa. Tunaomba uje nyumbani kwa Mheshimiwa, Nzuguni, tu-solve hili jambo kifamilia."

Nikaoga, nikavaa baibui langu la Idi, kama anayekwenda kuzikwa. Shaban alinipakia kwenye bodaboda ya mpwa wake, akanishika mkono muda mrefu.

Nyumba ya Filipo ina ukuta na geti, na ndani ya geti kuna majani ya kijani. Dodoma nzima ilikuwa imekauka, ng'ombe wanalamba mawe, na pale kulikuwa na bomba la mpira limelala juu ya majani, linamwaga maji, yamejaa mpaka yanatiririka kwenye saruji. Hakuna aliyekuwa analiangalia. Nililiruka nikaingia ndani, na muda wote niliokaa humo nilikuwa nayasikia yale maji dirishani.

Filipo alikuwa kwenye kochi, mkono umefungwa plasta. Alikuwa amekonda. Nikajaribu kama siku zote, kwa sauti niliyoitoa kwa shida:

"Mgogo, nimesikia jukwaa limekataa kukubeba."

Hakunitazama. Alitazama mlango nyuma yangu, kama anayehakikisha sikuja na mtu. Hapo ndipo nilipojibiwa swali langu. Mtu huyu aliyelindwa na wanaume sita getini alikuwa ananiogopa mimi. Na niwaambie, kuogopwa na mtu aliyemshika mwanao ni kubaya kuliko kuchukiwa naye. Anayekuchukia anajua anachotaka. Anayekuogopa anaweza kufanya lolote.

Gladness akanikaribisha kiti, akaniletea soda. Binti mzuri, mwenye adabu, amekulia Dar es Salaam na kusoma chuo kikuu hapa Chimwaga. Akanieleza kwamba ile video imeharibu image ya Mheshimiwa, kwamba wamefanya research, na kwamba suluhisho ni rahisi. Mimi nitakaa hapa, yeye atarekodi, nitasema namwomba radhi Mheshimiwa na familia yake kwa maneno niliyosema msibani. Basi. Harithi ataondoka na mimi.

"Mwanangu," nikamwambia, "mtani haombi radhi."

"Najua mama, ni utani tu. Ndiyo maana kuomba radhi hakutakuumiza."

"Hujanielewa. Nikiomba radhi, nitakuwa nimekiri kwamba niliyakusudia. Watakaonisikia Mahelela, Wagogo wenyewe, watasema basi, kumbe kweli. Utamaliza kampeni yako kwa mkono wako mwenyewe."

Akatabasamu kwa huruma, kama mtu anavyomtabasamia bibi anayekataa sindano. "Ni sentensi mbili, mama."

Nikamgeukia Filipo. Yeye ni Mgogo wa Mahelela, babu yake na baba yake walizikwa kwa utani, anaijua sheria hii kuliko kanuni za bunge. Nikangoja aseme. Alikuwa anakuna plasta yake kwa kidole, jasho limemtoka puani.

"Harithi yuko wapi?" nikauliza.

"Ataletwa," Gladness akasema.

Ataletwa. Ningefanya nini? Ningeshikilia sheria ya wazee na mwanangu yuko mahali nisipopajua? Wenye kujua kushikilia sheria hawajawahi kuona bajaji inayounguruma bila dereva. Nikasema haya, rekodi. Gladness akasimamisha simu juu ya meza, akaisogeza kidogo ili bendera ionekane, akaninyooshea kidole kwamba nianze.

"Mimi Sabiha binti Juma," nikasema. Mdomo ulikuwa mkavu. "Namwomba radhi Mheshimiwa Filipo Mhembano, kwa maneno niliyo—"

"Zima!"

Filipo alikuwa amesimama. Alirukia meza akaipiga simu kwa mkono wake mzima, ikaruka ikaanguka karibu na mlango. Gladness alipiga ukelele.

"Mheshimiwa! Si tulikubaliana?"

"Unajua unachomsemesha? Unajua?" Alikuwa anapumua kama aliyekimbizwa. "Akiomba radhi amekiri. Na akikiri, basi yale ni maneno ya mama. Mama ndiye aliyesema. Mimi niliikubali hiyo radhi kwenye karatasi, sikuwa nimeisikia kwa masikio!"

Kisha akaja akapiga magoti mbele ya kiti changu, mbunge wa mihula miwili, na mkono wake wa plasta akauweka juu ya goti langu. Ulikuwa mzito.

"Nitukane, Sabiha."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Tangu utoto mimi kwake ni Mpagazi.

"Nitukane kama siku zote. Sema ulikuwa unatania. Nitukane nicheke, yaishe."

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Miaka yote hiyo sijawahi kukosa tusi la kumpa Filipo, hata nikiwa na homa, hata siku ya kumzika mume wangu, na pale nilikuwa nalitafuta kama anayetafuta ufunguo gizani na nyuma yake kuna mbwa. Nilikuwa namfikiria Harithi. Tusi likiwa dogo hatacheka. Likiwa kubwa ataogopa zaidi. Asipocheka, mwanangu harudi. Hebu nyie jaribuni kuchekesha na hali hiyo.

Maji yalikuwa bado yanasikika dirishani. Na likanijia. Likanijia zima zima, zuri, tamu: mama yako amekufa na kiu, Filipo, na majani yako yamelewa.

Siku nyingine yoyote angelicheka tusi hilo mpaka akohoe. Lakini nililitazama likiwa bado kwenye ulimi nikaona kwamba halikuwa utani. Lilikuwa hasira. Nilikuwa nayasema yale kweli, kila neno. Na nikajiuliza kama hata kule kaburini nilikuwa natania.

Nikalimeza. Nikachukua tusi kuukuu la baba yangu, lililochakaa, ambalo kila mtoto wa Majengo analijua.

"Wewe Mgogo," nikasema, "babu yako alimtoza babu yangu hongo ya maji msafara ulipopita, akamnyang'anya hadi shuka. Ndiyo maana una kitambi. Ni shuka letu hilo umelifunga ndani."

Filipo alicheka. Alicheka kwa nguvu, kichwa nyuma, meno yote nje, na kicheko kiliendelea baada ya muda wake kuisha. "Mpagazi!" akasema. "Huyu Mpagazi!" Machozi yalikuwa yanamtoka. Gladness alikuwa ameiokota simu, kioo kimepasuka, na alikuwa anarekodi. Nami nikacheka. Tulicheka mimi na yeye pale, tumeshikana mikono, na mikono yote ilikuwa ya baridi.

Harithi aliletwa na gari lile lile. Hakuwa na alama mwilini. Alikuwa peku, na shati lake lilikuwa limefungwa vifungo visivyolingana. Hakuniangalia. Aliomba maji, wakampa glasi, akanywa zima bila kupumua, akaomba nyingine. Filipo alikuwa anatazama jinsi anavyokunywa, kisha akaondoka akaenda chumbani kwake, nikasikia ufunguo ukizunguka.

Njiani nilimshika Harithi mkono. Tulikuwa tumekaribia Majengo alipoongea.

"Walikuwa wananiuliza jambo moja tu, mama. Mama yako alimaanisha nini? Nikawaambia alikuwa anatania. Wanauliza tena." Akanigeukia. "Mama, ulimaanisha nini?"

"Nilikuwa natania, mwanangu."

Akatikisa kichwa kukubali, kama anavyofanya abiria aliyetajiwa nauli kubwa na hana nguvu ya kubishana.

Ile video ya kicheko ilienea kuliko ya kwanza. Mheshimiwa na mtani wake, wakaandika. Wateja walirudi, wakasema tulijua tu. Siku ya uchaguzi nilipanga mstari, nikapiga kura, na nilimpigia nani hata nyie siwaambii. Zamani ningewaambia. Filipo alishinda, kwa kura chache lakini alishinda, na magari yakapiga honi mpaka Nzuguni.

Alipokuja sokoni kushukuru wapiga kura, nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri. Nilikuwa na tusi jipya, safi, halina maji wala kaburi ndani yake, nimelitunga kwa ajili ya plasta yake. Nilitaka tuanze upya. Harithi alikuwa nami kibandani, ananisaidia kushusha magunia. Siku hizi hashiki simu, na bajaji ameikodisha kwa mtu.

Msafara ukasimama. Filipo akaja kwangu moja kwa moja, na watu wakajipanga kusikiliza, wameshaanza kutabasamu, wanasubiri lile la "bado hujafa". Akasimama. Akavua miwani. Akainamisha kichwa, kwa heshima kubwa, kama anavyofanya mtoto aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama," akasema.

Hakuna aliyecheka. Shaban aliyekuwa anapima karanga aliacha mkono hewani.

"Marahaba," nikamjibu. Tusi langu lilikuwa limeganda. Nikajikaza, nikasema kwa sauti ya chini, asikie yeye tu: "Mgogo, wewe si tuliahidiana? Nikifa utakuja kuingia kaburini kwangu?"

Akaninyooshea mkono, akanipa ule uliopona, mwembamba, mweupe kwa plasta iliyotoka. Hakunitazama usoni.

"Mungu akupe maisha marefu, mama," akasema, akaenda kibanda kinachofuata.

Niligeuka kumtafuta Harithi. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya magunia ya mtama, mikono kichwani, anasubiri magari yaondoke.